Barua ya Baba wa Ubatizo

Alhamisi moja ya mwezi wa tatu, Ottilia Ndunguru aliteremka kutoka Matiri kwenda Mbamba Bay akiwa na jogoo nyuma ya pikipiki. Jogoo kafungwa miguu, kichwa kinachungulia kwenye kikapu, na kila kona ya barabara anapiga kelele mpaka watu wanageuka. Pale Mbinga mjini aliposimama kuweka mafuta, vijana wa bodaboda walimshangilia. "Afisa ugani, siku hizi ni ninyi mnaopeleka posa?" akauliza mmoja wao. Ottilia akamjibu kwamba anampelekea baba yake, na mwenye wivu akatafute baba wa kumpelekea. Wakacheka, naye akacheka. Nalisema hili mapema ili mjue: asubuhi ile alikuwa na furaha, tena furaha ya mtu aliyemaliza kazi yote, amebakiza kusubiri tu.

Kazi yenyewe ilikuwa maombi ya ufadhili wa masomo. Na sisemi ule ufadhili wa nusunusu, wanakulipia ada halafu unaambiwa nauli na chakula jitafutie. Huu ulikuwa kamili: ada, tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi, bima ya afya, chumba, na posho ya kila mwezi kwa miaka miwili, asome shahada ya uzamili ya sayansi ya udongo huko Uholanzi. Alikuwa ameshauomba mara tatu. Mara tatu alifika hatua ya mwisho kabisa, na mara tatu akapata barua pepe ya maneno matamu inayoishia kwa kusikitika. Hii ilikuwa mara ya nne, na ndiyo ya mwisho, kwa sababu wafadhili hawamtaki mtu aliyefikisha miaka thelathini na mitano, na Ottilia alikuwa anaifikisha Desemba. Mwaka huu ukipita, basi tena.

Wala hakuwa anabahatisha. Alitaka kusomea ngolo, yale mashimo yetu Wamatengo ambayo ukitazama mlima kutoka barabarani unayaona yamejaa kuanzia juu hadi chini. Kila mwezi wa tatu, mvua zikielekea ukingoni, wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, kisha wanawake hufuata na majembe, wanachimba katikati na kuzifukia zile nyasi kwa udongo, na juu ya matuta hayo wanapanda maharage. Maji ya mvua yanatuama kwenye mashimo, udongo haukimbii. Watafiti wamekuja wakapiga picha, wakaandika, wakaondoka. Ottilia alikuwa na kitu ambacho mgeni wa wiki tatu hawezi kukipata: vipimo vya kila mvua iliyonyesha katika shamba moja kwa misimu mitano.

Shamba lilikuwa la mama yake, na nusu ya vipimo hivyo alivichukua mama yake. Ottilia akiwa vijijini kikazi na mvua ikaanza, huyo mama alijifunga kanga kichwani akakimbia na beseni kukinga maji chini ya mteremko. Aliyaacha yatulie, akalianika tope la kupimwa uzito, akalifunga kwenye karatasi na kuandika tarehe kwa mwandiko wake wa darasa la nne. Ottilia alikuwa akiwaambia wenzake ofisini kwamba yeye hana msaidizi wa utafiti, ana mama.

Huyo mama kijiji kizima kilimwita Mama Elias, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Elias naye aliondoka kwa ufadhili kama huohuo, kwenda Kanada, mwaka 2009. Alisema miaka miwili. Akamaliza, akapata kazi, akaoa, akazaa watoto ambao bibi yao anawaona kwenye simu tu. Baba yao alipofariki, Elias alituma pesa za jeneza na video ya dakika moja. Na Mama Elias anaendelea kuitwa kwa jina la mtoto ambaye hajamshika mkono kwa miaka kumi na sita.

Sasa huyu aliyekuwa anapelekewa jogoo. Mwalimu Othmar alikuwa rafiki wa marehemu baba yao, na ndiye baba wa ubatizo wa Ottilia. Aliwafundisha Kiingereza Elias na Ottilia wote wawili, na alipostaafu akahamia Mbamba Bay, ziwani, kwao mke wake. Wafadhili walitaka barua mbili za kumwelezea mwombaji: moja ya mhadhiri wake wa chuo, nyingine ya mtu anayemjua kwa miaka mingi. Hakuwaza mara mbili. Fomu ilimuuliza kama anataka haki ya kuisoma barua atakayoandikiwa, naye kila mwaka aliweka alama kwenye hapana. Mtu aliyekushika kichwa ukimwagiwa maji ya ubatizo, uende ukamwambie, baba, hebu lete nione umeandika nini? Huko kwetu hilo ni tusi. Ungelala nalo wewe?

Ilikuwa na utaratibu wake. Mwalimu akishatuma barua anapiga simu kwa Mama Elias, tayari, nimetuma. Mama Elias anaingia bandani, anachagua jogoo aliyenona kuliko wote, anamfunga miguu kwa mkono wake mwenyewe. "Mpelekee Mwalimu," anasema, "ndiyo asante ya kalamu yake." Ottilia alikuwa anaipenda sana hiyo asante ya kalamu. Aliona mama yake, pamoja na yote ya Elias, bado anamsukuma mbele.

Basi siku hiyo, kabla hajafika kwa Mwalimu, alipita steshenari iliyo karibu na soko la Mbamba Bay. Wafadhili walikuwa wamemwandikia kwamba nakala ya pasipoti yake haisomeki vizuri, aitume upya kabla ya Ijumaa saa sita usiku, dirisha linapofungwa. Pale steshenari alikuwepo dada mmoja wa Liuli anayeitwa Glorious, mchangamfu, mikono myepesi. Ndiye anayewachapia nusu ya mji: mikataba ya viwanja, matangazo ya kanisa, barua za kuomba kazi.

"Jina, dada?" akauliza Glorious, macho kwenye kompyuta.

"Ottilia Ndunguru."

"Ottilia! Aa, si ndiyo ya kwako hii hapa? Mwalimu aliniambia niitunze. Ngoja nikutolee."

"Hapana, mimi nataka kuskani..."

Mashine ilikuwa imeshaanza kunguruma. Zikatoka karatasi mbili, bado za moto, Glorious akampa huku anampokea mteja mwingine aliyekuja kupiga picha za pasipoti saizi. Ottilia akaangalia juu akaona jina lake, jina la wafadhili, na chini kabisa jina la Mwalimu Othmar. Angezirudisha. Alitaka kuzirudisha, na mkono ulikuwa umeshanyooka. Lakini macho nayo yana tabia yake, yalikuwa yameshasoma mstari wa kwanza.

Mstari wa kwanza ulimpendeza. Barua ilikuwa kwa Kiingereza kile cha Mwalimu, cha suti na tai, na ilisema kwamba katika miaka thelathini na moja ya kufundisha hakupata mwanafunzi mwenye akili kama Ottilia. Akatabasamu pale pale kaunta. Aya ya pili ikasema hivi: hata hivyo, kwa dhamiri yangu ya Kikristo siwezi kuwaficha kwamba tangu baba yake afariki binti huyu amekuwa na maradhi ya akili, huja na kuondoka, na yakimjia hawezi kuachwa peke yake hata siku moja. Yeye mwenyewe hakubali kwamba anaumwa, na akiulizwa atakana. Kumpeleka mbali na mama yake ni kuhatarisha uhai wake. Nawaomba mumwonee huruma kwa kutompa nafasi hii, wala msimweleze sababu.

Aliisoma tena. Akaisoma mara ya tatu, polepole, akitafuta neno ambalo labda hakulielewa. Maneno yote alikuwa anayaelewa, huyo huyo ndiye aliyemfundisha.

"Glorious," akasema, "hii umeichapa wewe?"

"Mimi nachapa tu, dada. Mwalimu anasoma, mimi nachapa. Kile Kiingereza chake ni balaa, kuna maneno ananitajia herufi moja moja." Akacheka. "Lakini siku hizi sipati shida. Kila mwaka ni ileile, tunabadilisha tarehe tu."

"Kila mwaka."

"Huu wa nne. Nilijua ni mambo ya hospitali, nikaona nisiulize." Hapo ndipo Glorious alipomtazama usoni, na kicheko kikamkauka. "Dada, kuna nini? Kaa chini. Kaa kwanza."

Ottilia hakukaa. Miaka minne, jamani! Mara tatu amelia kwenye bega la mzee yule akiambiwa Mungu ana wakati wake, mwanangu, tusali. Na walisali kweli, wakapiga magoti wote wawili sebuleni kwake.

Kisha akauliza la maana. Barua inaweza kubadilishwa? Glorious akafungua ukurasa, akasoma, akatikisa kichwa, akasoma tena. Mwombaji hawezi kuigusa, wala hawezi kutaja mtu mwingine, maana barua imeshapokelewa. Lakini aliyeiandika anaweza kuiondoa na kuweka nyingine mpaka dirisha lifungwe, kesho saa sita usiku. "Ila lazima awe mwenyewe," akasema Glorious. "Namba ya siri inaingia kwenye simu yake. Ingekuwa ni kuchapa tu, haki ya Mungu ningekuchapia sasa hivi nyingine nzuri, wala asingejua."

Ottilia akafikiria kuwaandikia wafadhili yeye mwenyewe. Halafu akaona mtego ulivyotegwa, akaona aibu kwa niaba ya aliyeutega. Angewaambia nini? Mimi si mgonjwa? Si wameshaambiwa kwamba atakana? Kadiri angepiga kelele ndivyo ingeonekana Mwalimu kasema kweli. Alituma ile nakala ya pasipoti, kwa sababu ndilo lililomleta, akakunja karatasi mbili zile akazitia kwenye koti, akaenda.

Mwalimu Othmar alikuwa uani kwake, amevaa shati lake jeupe lililopigwa pasi, anageuza usipa, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa kwenye chanja. Alipoona pikipiki akainua mikono yote miwili. "Mwanangu! Na jogoo wangu huyo! Karibu, karibu, mama yako wa hapa kaenda kwenye jumuiya, lakini chai haikosekani."

Ottilia hakutaka kumpa shikamoo. Mwishowe aliitoa, kwa sababu kuna vitu mwili unavifanya wenyewe, akaitikiwa marahaba. Halafu akazitoa karatasi akamkabidhi kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa kumpa mkubwa kitu.

Mzee alizitambua kabla hajavaa miwani. Hakuivaa hata. Alikaa taratibu kwenye kigoda, akaziweka mapajani, akawa anatazama usipa.

"Sema ni uongo, baba," Ottilia akamwambia. "Sema kuna mtu kaiandika kwa jina lako. Nitakuamini."

"Nimeiandika mimi."

"Mimi ni kichaa?"

"Wewe si kichaa, mwanangu."

"Sasa kwa nini? Nimekukosea nini? Kama hukutaka niende ungekataa kuandika, ningetafuta mwingine! Watu wangapi wangeniandikia! Ukakubali, ukachukua, ukanichafua, ukaniombea! Uliniombea baba, tulipiga magoti hapo ndani!" Alikuwa anapiga kelele, yeye ambaye hajawahi kumwinulia sauti mtu mzima. Jirani alichungulia juu ya ua akarudi chini.

Mwalimu alingoja amalize. Kisha akasema, kwa sauti ya chini ambayo Ottilia hakuwahi kuisikia kwake darasani, kwamba ile barua ya Elias iliyompeleka Kanada, yeye ndiye aliyeiandika. Aliiandika kwa moyo wote na Elias akapata. Siku ya maziko ya baba yao, watu wakiwa makaburini, Mama Elias alimfuata mbele ya padri akamwambia: Mwalimu, wewe umenichukulia mtoto kwa kalamu yako. Na mwaka wa kwanza Ottilia alipotaka kuomba, mama huyo alikuja mpaka hapa hapa uani, akapiga magoti pale chanja kilipo. Akasema, mmoja umemchukua, huyu niachie.

"Mama?" akasema Ottilia.

"Nilimwapia. Niliweka mkono kwenye msalaba wake wa rozari. Nikajaribu kwanza kuandika barua ya kawaida tu, isiyo na chumvi. Lakini wewe na vipimo vyako, mwanangu, hata barua mbaya isingekuzuia. Ilibidi niandike kitu cha kuwatisha." Akafuta macho kwa kiganja. "Unafikiri hao majogoo walikuwa asante ya nini?"

Hapo ndipo Ottilia alipokaa. Alikaa chini kabisa, kwenye mchanga, karibu na kikapu. Majogoo wanne. Amewabeba yeye mwenyewe, milima yote ile, kwa mafuta yake, na kila mara mama yake anasimama kando ya pikipiki anahakikisha kamba imekaza. Alikuwa anapeleka malipo ya kuzuiwa kwake, na kumshukuru Mungu kwa kuwa na mama wa namna ile. Kama angeambiwa kwamba Mwalimu Othmar amemuua mtu angeweza kulibeba kirahisi kuliko hilo.

"Iondoe," akasema. "Kuna siku nzima ya kesho. Iondoe, andika kweli. Sitamwambia mtu."

"Nimeapa."

"Baba!"

"Mama yako akinifungua, naiondoa. Anipigie simu tu, aseme Mwalimu, nimekufungua, na kesho asubuhi duka likifunguliwa mimi niko mlangoni kwa Glorious. Nitaandika barua ambayo sijapata kuandika. Lakini lazima aseme yeye." Akamtazama kwa mara ya kwanza. "Nimechoka, Ottilia. Kamwombe. Labda atanifungua na mimi."

Alipanda milima hata hajui alipitaje zile kona. Akili yake ilikuwa inatafuta maneno, na kila alipoyapata yalikuwa ya kupigana, anayatupa, anatafuta mengine ya kuomba. Alijiambia mama ana uchungu wa Elias, uchungu unaponyeka. Alijiambia mama alianika tope kwa misimu mitano, mtu hawezi kufanya vile kwa kitu anachotaka kife. Alipofika Matiri jua lilikuwa bado lipo juu ya mlima, naye alikuwa amejiaminisha kabisa.

Mama Elias alikuwa shambani, ameinama, anachimba ngolo. Nyasi alizilaza Ottilia Jumamosi iliyopita, ingawa ni kazi ya wanaume, kwa kuwa nyumba yao wanaume wameisha. Mama alinyoosha mgongo akatabasamu. "Umewahi. Mwalimu kasemaje?"

"Kasema nikuombe umfungue."

Tabasamu lilikaa usoni kidogo, halafu likaondoka. Mama alichomeka jembe ardhini. Hakuuliza umfungue nini. Hakuuliza nani kakwambia. Ottilia alikuwa ameomba njia nzima kwamba aulize, kwamba ashangae, hata adanganye.

"Umeniita kichaa, mama."

"Sikumwambia aandike hivyo. Nilimwambia afanye wakuache."

"Miaka minne! Nikilia unanibembeleza, unanipikia uji, kumbe..."

"Na uji nilikupikia kwa upendo," mama akasema. "Kaka yako aliniaga hapo hapo uliposimama. Akasema miaka miwili, mama."

"Mimi siyo Elias."

"Elias naye alikuwa siyo Elias, kabla hajaondoka."

"Ungeniambia! Ungesema Ottilia, usiende."

"Ungebaki?"

Ottilia hakuweza kumdanganya mama yake, hata siku ile. "Ningeenda," akasema. "Na ningerudi. Utafiti wangu uko hapa, mama. Uko kwenye haya mashimo. Nitaenda kuyasomea halafu nikae kule nifanye nini? Nina kazi gani na Ulaya mimi?"

Mama aliyatazama mashimo. Ottilia akaona upenyo. Akapiga magoti, kwenye udongo uliolowa, kati ya mashimo mawili, akatoa simu akaitafuta namba ya Mwalimu, akaishikilia juu kwa mikono miwili. "Mama, sikulaumu tena. Yaliyopita yameisha, nimekusamehe, hutanisikia nikiyataja mpaka nakufa. Nakuomba neno moja. Mwambie umemfungua. Ni mwaka wa mwisho huu, hakuna mwingine. Nakuomba."

Mama Elias alimtazama mwanawe. Machozi yalikuwa yanamtoka, hilo nisimnyime. Akajifuta mikono kwenye kanga, upande huu na upande huu, akaichukua simu.

Waliamkiana kama wakubwa wanavyoamkiana. Mwalimu, habari za huko. Za mke wako. Ziwa linasemaje, usipa wapo? Huku tunashukuru, mvua haijakatika, ngolo tunamalizia wiki hii. Ottilia alikuwa anasikiliza, moyo unampanda. Alimjua mama yake: akiwa na neno zito hulizungukia kwanza, halafu hulitua kwa upole. Alianza hata kuwaza kwamba kesho aende mwenyewe Mbamba Bay, amchukue mzee kwa pikipiki hadi dukani.

"Ndiyo, amefika," mama akasema. "Yuko hapa mbele yangu. Amepiga magoti kwenye tope, Mwalimu, ungemwona." Sauti ikakatika kidogo. Akakohoa, ikarudi. "Ndiyo maana nimekupigia. Usije ukamwonea huruma. Usiiondoe."

Simu iliendelea kusema kitu, sauti ndogo ya mzee ikiuliza na kuuliza. Mama akabonyeza, akaizima, akamrudishia mwanawe. Kisha akang'oa jembe lake. "Simama, utapata baridi," akasema. "Maharage yako jikoni, nenda kaongeze maji."

Ottilia alisimama. Alijisikia mwepesi, wa ajabu, kama mtu aliyetapika kila kitu. Alipanda mteremko mpaka nyumbani, akaingia chumbani kwake, akatia kwenye begi nguo zake za kazi, vyeti na daftari tano za vipimo. Jikoni hakuingia. Alipokuwa anafunga begi kwenye pikipiki, pale pale palipokuwa na kikapu, mama yake alikuwa amefika uani akihema, jembe bado mkononi.

"Unakwenda wapi? Hujala."

Ottilia akavaa kofia ngumu.

"Otti! Nakuuliza! Mimi mama yako, unaondoka bila kuniaga?"

"Nilipanga nikuage mwezi wa tisa, mama," Ottilia akasema. "Nilipanga unishike kichwa unibariki, nikutajie tarehe ya kurudi, uihesabu. Umekataa. Basi siagi."

Akawasha pikipiki akaondoka. Nyuma yake aliitwa jina mpaka kona ya kwanza, kisha injini ikawa kubwa kuliko sauti.

Wafadhili waliandika mwezi wa tano, na walisikitika kama kawaida. Wakati huo Ottilia alikuwa anakaa kwenye chumba cha kupanga Mbinga mjini, ameshapeleka maombi ya uhamisho, na mwezi wa saba akapangiwa Kibondo, huko Kigoma, ambako hana ndugu wala mtu anayemjua. Namba ya simu alibadilisha. Siku za Jumapili watu wa Matiri wakitoka misani humuuliza Mama Elias habari za binti yake, maana hawajamwona siku nyingi, na wengine wamesikia kwamba alikwenda Ulaya. Mama Elias huwaambia hapana, hakwenda popote, hajambo, yuko hapa hapa nchini.